Ngoma Ikivuma Sana: Adabu ya Msikilizaji na Afya ya Sikio

Kikatiti ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Arusha hadi Moshi, kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru. Msafiri atokaye Arusha hupita Tengeru, Usa River na Maji ya Chai kabla ya kuufikia. Siku za kazi, sauti za mji huu ni za malori, bodaboda na wachuuzi wanaowakimbilia abiria wa mabasi. Jumamosi mambo hubadilika. Msafara wa harusi huja ukiongozwa na gari la wazi lililobeba wapiga tarumbeta. Nyumbani kwa wenye shughuli maturubai yamekwisha kusimamishwa, na spika kubwa zimepangwa pande mbili za meza kuu. Mwezi Desemba, wana wa Meru waishio mijini wanaporudi kwao kwa Krismasi, harusi, ubarikio na sherehe za ukoo hufuatana, na mara nyingine shughuli mbili za majirani hushindana kwa sauti hadi usiku.

Muziki huo ni sehemu ya furaha ya watu, wala hakuna daktari mwenye sababu ya kuuondoa. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kuhudhuria shughuli za namna hiyo anaifahamu kero yake. Shangazi aliyetoka mbali anataka kumjulia hali mdogo wake waliyeketi naye meza moja, lakini hana budi kumpigia kelele sikioni. Mzee anayewapa maharusi nasaha hasikiki, kwa kuwa meza za nyuma zinazungumza. Kwaya inaimba, nusu ya wageni wanaongea. Mshereheshaji anaomba utulivu mara tatu. Asipoupata, fundi wa mitambo anaongeza sauti. Asubuhi yake watu wanaamka masikio yakivuma.

Kwa kawaida mambo haya hujadiliwa kama suala la malezi tu: nani ana adabu na nani hana. Taaluma ya afya ya masikio inaongeza jambo lisilosemwa mara nyingi. Mazungumzo ya wageni na ukubwa wa sauti ya spika ni vitu viwili vinavyolishana. Kimoja kikipanda, cha pili hukifuata. Kwa hiyo adabu ya kusikiliza si heshima kwa mwimbaji peke yake. Ni kinga ya sikio la kila aliyeketi chini ya turubai, nayo haihitaji dawa wala fedha.

Chembe zisizoota tena

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo huingia katika tundu la sikio, hukitikisa kiwambo, hupita katika mifupa mitatu midogo, kisha hufika sikio la ndani, kwenye kiungo kilichojiviringisha mfano wa kombe la konokono, kiitwacho koklea. Humo mna chembe hai zipatazo 15,000 katika kila sikio, zenye vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mtikisiko unapoviinamisha vinyweleo hivyo, chembe hutuma ishara kwenye mshipa wa fahamu, na ubongo huifasiri ishara hiyo kuwa sauti.

Sauti kubwa huzichosha chembe hizi. Zikipata mapumziko, nyingi hurejea katika hali yake; ndiyo maana masikio yaliyoziba baada ya harusi hufunguka baada ya saa kadhaa au siku ya pili. Kufunguka huko kusidhaniwe kuwa ni kupona kabisa. Zikichoshwa mara kwa mara, au zikipigwa na sauti kali mno kwa mara moja, chembe hufa, na kwa binadamu chembe hizo hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Hasara huanzia kwenye sauti nyembamba za juu. Kiswahili chenyewe chaweza kutumika kuieleza hali hiyo. Irabu a, e, i, o na u zina nguvu, nazo hubaki zikisikika kwa muda mrefu. Konsonanti kama s, sh, f, t na k ni dhaifu na nyembamba, nazo hutangulia kupotea. Aliyeathirika husikia kwamba neno limetajwa, lakini hawezi kubainisha kama ni paka, taka, kaka au saka. Akiambiwa saba hudhani ameambiwa shaba. Kauli yake huwa moja: “Nasikia, lakini sielewi.” Nyumbani huonekana mkaidi au mwenye dharau. Darasani huonekana mzito wa kufahamu. Sokoni hukosea bei, na hatimaye huona heri kukaa kimya kuliko kujibu lisiloulizwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni 1, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki kwa sauti kubwa, ama kwa vifaa vya masikioni ama kwenye kumbi na matamasha. Hatari hii ina sifa moja ya pekee: yote yaweza kuzuilika.

Mzunguko wa kelele

Mwaka 1911 daktari wa masikio, pua na koo wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo tangu hapo limepewa jina lake. Mtu akizungukwa na kelele huipandisha sauti yake pasipo kukusudia, na kelele ikiondolewa huishusha, tena bila kujua. Si utovu wa adabu. Ni namna mwili unavyojirekebisha ili mtu ajisikie na asikike.

Athari hiyo ya Lombard ikiwekwa chini ya turubai lenye wageni 300, matokeo yake ni rahisi kuyatabiri. Muziki unapigwa kwa kiasi. Wageni wa meza moja wanaanza kuongea, nao wanapaza sauti ili kuushinda muziki. Meza ya pili inapaza zaidi ili kuishinda ya kwanza. Fundi wa mitambo, ambaye wengi humwita DJ, anaona muziki umemezwa na mazungumzo, anaongeza. Wageni nao wanaongeza. Baada ya saa mbili, sauti iliyoanza kwa upole imekuwa mshindo, na hakuna mtu hata mmoja aliyekusudia iwe hivyo.

Mambo mengine mawili huuchochea mzunguko huu. La kwanza ni sikio la fundi mwenyewe. Yeye amekaa karibu na spika tangu mchana. Chembe zake zimechoka, na sauti ileile aliyoiona kubwa saa tisa alasiri huiona ndogo saa tatu usiku. Anapoongeza, hutafuta tu kuirudisha sauti pale alipoizoea, kumbe walioingia sasa hivi wanaipokea yote kwa masikio mapya.

La pili ni kwamba sikio si mhasibu mzuri. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hicho hakipandi kama hesabu ya kawaida. Kila nyongeza ya desibeli 3 huongeza nishati ya sauti maradufu, lakini msikilizaji huliona badiliko hilo kuwa dogo. Ni mpaka nyongeza ifike kama desibeli 10 ndipo watu wengi husema sauti imekuwa kubwa mara mbili. Wakati huo nishati inayoingia sikioni imekwisha kuzidi mara 10.

Mzunguko huu una mahali pamoja unapoweza kukatwa kwa urahisi, napo ni mwanzoni. Wageni wakinyamaza wimbo unapoanza, fundi hana sababu ya kuongeza sauti. Muziki ukibaki chini, wageni wanaoongea wakati wa chakula hawana sababu ya kupaza. Kimya cha dakika nne za wimbo wa kwaya huamua kiasi cha kelele ya usiku mzima.

Hesabu ya kiti

WHO inaeleza kuwa mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Kwa mtoto kiwango ni desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hukatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, na kuendelea.

Sasa ichukuliwe spika moja mahali pa wazi, yenye kutoa desibeli 110 kwa mtu aliye umbali wa mita 1. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Aliye mita 2 kutoka kwenye spika hupokea desibeli 104, na muda wake salama wa wiki nzima ni kama dakika 9. Aliye mita 4 hupokea desibeli 98, na muda wake ni kama dakika 37. Aliye mita 8 hupokea desibeli 92, naye ana saa 2 na nusu. Aliye mita 16 hupokea desibeli 86, naye ana saa 10. Spika zikiwa nyingi, au ukumbi ukiwa na kuta za saruji na paa la bati zinazoirudisha sauti, upungufu huwa mdogo kuliko huo. Hata hivyo funzo ni lilelile: kuhama kutoka mita 2 hadi mita 8 huongeza muda salama mara 16.

Hesabu hiyo inapaswa kuwafanya wenye shughuli watazame upya mpango wa viti. Ni nani hukaa mita 2 kutoka kwenye spika? Mara nyingi ni watoto, ambao hukusanyika mbele ya spika kucheza. Ni kichanga aliyelala mgongoni mwa mama anayemtunza bibi harusi. Ni maharusi wenyewe na wasimamizi wao, waliowekwa meza kuu katikati ya spika mbili kwa saa 5 au 6. Tena ni wazee. Desturi humpa mzee kiti cha mbele kwa heshima, na kiti cha mbele ndicho kilicho karibu na spika. Heshima iliyokusudiwa kumtukuza babu humwondolea usikivu mdogo aliobaki nao.

Mwezi Machi 2022, kwa ajili ya Siku ya Usikivu Duniani, WHO ilitoa kiwango cha kimataifa cha usalama wa usikivu kwa kumbi na matukio ya muziki. Kinataka wastani wa sauti usizidi desibeli 100 katika dakika 15 zozote, sauti ipimwe wakati wote wa tukio, mitambo ipangwe ili isikike vizuri bila kuumiza, wasikilizaji wapatiwe vizibo vya masikio, pawepo sehemu tulivu ya kupumzikia, na wahusika wapewe mafunzo na taarifa. Msomaji aliyefuata hesabu ya hapo juu atatambua kwamba kwa desibeli 100 muda salama wa wiki ni kama dakika 24 tu. Ndiyo sababu vizibo na sehemu tulivu vimetajwa pamoja na kikomo chenyewe: kikomo peke yake hakimlindi anayeketi usiku kucha.

Kunyamaza hufundishwa

Wapo watakaosema kwamba kimya ni adabu ya kumbi za Ulaya, na kwamba Mwafrika hawezi kuusikiliza muziki akiwa amefunga mdomo. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Katika ngoma nyingi za Afrika Mashariki hakuna mpaka mkali kati ya mtumbuizaji na mtazamaji. Aliyekuja kutazama huitikia, hupiga makofi, huingia duarani. Lakini kushiriki si kuvuruga. Katika nyimbo za Wamaasai na Waarusha, zinazoimbwa pasipo ngoma, kiongozi huanza na wenzake humwitikia kwa mivumo ya koo. Asiyemsikiliza kiongozi hawezi kuitikia. Kila sauti ina nafasi yake, na vigelegele vya akina mama huja mahali pake.

Pwani nako pana mfano wake. Huko Zanzibar, ambako kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, hadhira ya taarab iliijenga adabu yake ya pekee. Aliyeguswa na maneno ya wimbo hahitaji kupiga ukelele. Huinuka, huenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji, humtunza kwa fedha, kisha hurudi kitini, na wimbo unaendelea. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, alipata umaarufu katika zama ambazo vipaza sauti havijaenea. Maneno yake yaliweza kufika tu pale wasikilizaji walipoyaruhusu yafike. Katika muziki wa dansi wa Dar es Salaam, kwenye bendi kama Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, wimbo ulianza kwa beti zenye kisa, kisha ndipo lilipokuja chemko na watu wakacheza kwa nguvu. Kulikuwa na wakati wa kusikiliza na wakati wa kujiachia.

Kwa upande mwingine, hata kimya cha Ulaya si cha kale kama kinavyodhaniwa. Katika karne ya 18, wahudhuriaji wa opera waliongea, walikula na kutembeleana wakati waimbaji wakiwa jukwaani. Mwezi Julai 1778, Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris kwa furaha kwamba wasikilizaji walipiga makofi katikati ya simfonia yake. Utulivu uliozoeleka leo ulienea katika karne ya 19. Katika jumba la Wagner lililofunguliwa Bayreuth mwaka 1876, taa za upande wa watazamaji zilipunguzwa ili macho na masikio yote yaelekee jukwaani. Kimya kilifundishwa, na watu wakajifunza.

Kila jamii, basi, hupatana juu ya lini pazwe sauti na lini panyamazwe. Kilichovuruga mapatano hayo ni nguvu ya umeme. Zamani mwimbaji aliihitaji ridhaa ya wasikilizaji ili asikike; wakiongea, wimbo ulikufa, nao waliujua wajibu wao. Spika ilimwezesha kuwashinda wote kwa mkono wa mtu mmoja anayezungusha kitufe. Msikilizaji akaona hana tena kazi ya kufanya, akaanza kuongea. Masikio ya watu wote yakawa ndiyo yanayolipa gharama.

Usiku wa chini ya Meru

Kelele za shughuli haziishii kwenye turubai. Usiku, ardhi hupoa upesi na kuipoza hewa iliyo karibu nayo, wakati hewa ya juu bado ina joto kidogo. Mpangilio huo huipinda sauti irudi chini badala ya kupotea angani. Katika vijiji vilivyo chini ya mlima wenye urefu wa mita 4,566, hewa baridi inayoteremka usiku hulizidisha jambo hilo, na kwa kuwa magari na shughuli nyingine zimepungua, hakuna kinachoufunika muziki. Ndiyo maana muziki ambao alasiri haukuvuka shamba la migomba, usiku wa manane husikika vijiji vya mbali.

Huko unakofika kuna mama aliyejifungua juzi, mgonjwa wa moyo, mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, na muuguzi atakayeingia zamu alfajiri. Kelele za usiku hukatiza usingizi hata kwa asiyeamka kabisa. Mapigo ya moyo huongezeka na shinikizo la damu hupanda. Kwa anayepatwa na hali hiyo usiku baada ya usiku, kwa mfano jirani wa baa au wa ukumbi, madhara hayo hujilimbikiza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, zimeweka viwango vya sauti ambavyo usiku ni vya chini kuliko mchana. Lakini sheria huja baada ya ugomvi. Jirani aliyepelekewa habari mapema, akaambiwa muziki utakoma saa ngapi, na akaona ahadi imetimizwa, huwa mgeni wa shughuli hata asipoalikwa.

Wenye kuhitaji uangalifu zaidi

Mgeni wa harusi moja kwa mwezi na mpiga tarumbeta wa kila Jumamosi hawako katika hatari sawa. Karibu na mdomo wa tarumbeta sauti yaweza kupita desibeli 100, na mpigaji husimama katikati ya wenzake juu ya gari dogo. Yeye, DJ, mshereheshaji, mpiga picha na wahudumu wa chakula wako kazini kila wiki. Hao wanastahili vizibo vya masikio, mapumziko ya mara kwa mara, na kupimwa usikivu walau mara moja kwa mwaka.

Kundi la pili ni wagonjwa. Baadhi ya dawa, zikiwemo sindano za gentamisini na streptomaisini, pamoja na sisplatini itumikayo kutibu saratani, zaweza kudhuru chembe zilezile za koklea, na kelele huzidisha madhara hayo. Aliye katika matibabu ya namna hiyo aepuke spika kwa kipindi chote atakachoelekezwa na daktari wake. Mzee anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia naye aketishwe mbali na spika, kwa kuwa kifaa hukuza sauti zote, pamoja na asizozitaka.

Wajibu wa kila mmoja

Kamati ya shughuli ndiyo yenye neno la kwanza. Inapopatana bei na mwenye mitambo, ipatane naye pia juu ya kiasi cha sauti na saa ya kuzima. Spika ziinuliwe juu ya vichwa vya watu na zielekezwe mahali pa kuchezea, si kwenye meza. Mbele yake iwekwe kamba au maua, ili watoto wasikaribie. Wazee wapewe kiti cha heshima pembeni au katikati, wanapoona na kusikia bila kupigwa na mshindo. Wakati wa chakula muziki ushushwe hadi watu waweze kuzungumza kwa sauti ya kawaida. Hicho ndicho kipindi cha ndugu kujuliana hali, nao wakikipata hawatakuwa na haja ya kuongea wakati kwaya inaimba.

Mshereheshaji aombe utulivu kabla ya wimbo au hotuba, asubiri upatikane, kisha ndipo aanze. Kuomba utulivu huku muziki ukiendelea ni kuongeza kelele juu ya kelele. DJ naye atoke nje kila saa, apumzishe masikio, na anaporudi aisikilize sauti akiwa amesimama mahali wanapoketi wageni. Programu za simu za kupimia sauti hazina usahihi kamili, lakini zinatosha kumwonyesha kama amevuka mpaka.

Mgeni ana wajibu mdogo lakini wenye nguvu. Wimbo unapoanza, anyamaze au aitikie pamoja na wengine. Akiwa na neno la haraka, atoke nje. Simu aizime mlio. Vigelegele na mbinja avipige mahali pake, asivipige kandokando ya sikio la jirani. Sauti ikizidi, amwendee mwenye shughuli kwa upole na kumwomba ipunguzwe. Hilo si kuharibu furaha ya watu. Mzazi asimlaze mtoto karibu na spika kwa kudhani kwamba usingizi unamkinga. Masikio hayafumbwi kama macho. Pamba iliyosokotwa na kutiwa masikioni hupunguza sauti kidogo mno. Vizibo maalumu vya povu, vikivaliwa vizuri, hupunguza kwa kiasi kikubwa.

Kipimo rahisi kisichohitaji kifaa chochote ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili asikie mtu aliye umbali wa mkono mmoja, mahali hapo pana kelele za kuumiza.

Dalili zisizopaswa kungojwa

Mvumo au mlio masikioni baada ya shughuli, masikio kuhisi yameziba, na sauti za watu kuonekana kama zimefunikwa, ni onyo. Mwenye dalili hizo ayapumzishe masikio mahali patulivu, na asirudi kwenye kelele siku zinazofuata. Zikizidi siku moja au mbili, aende kituo cha afya. Aliyepoteza usikivu ghafla, hasa wa sikio moja, asingoje hata siku moja, kwa kuwa matibabu yakichelewa manufaa yake hupungua sana. Si vema kutia mafuta, maji ya vitunguu au kijiti sikioni. Vitu hivyo haviifikii koklea, na vyaweza kutoboa kiwambo au kuleta usaha.

Kwa wakazi wa Kikatiti na vijiji vya jirani, zahanati na vituo vya afya ndivyo mlango wa kwanza. Kutoka hapo mgonjwa huweza kupelekwa hospitali ya wilaya au ya mkoa, na inapohitajika kwa mabingwa wa masikio, pua na koo wa hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi. Vifaa vya kusaidia kusikia vipo, na tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya usikivu ndani ya koklea kwa wasiosikia kabisa. Ni huduma zenye thamani kubwa, lakini hata hizo hazirudishi sikio alilozaliwa nalo mtu.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Ngoma iliyopasuka ina fundi wa kuiwamba upya kwa ngozi nyingine, na Jumamosi ijayo ikalia tena. Chembe za sikio hazina fundi huyo. Maharusi wanaoketi leo meza kuu wana miaka mingi mbele yao ya kusikilizana. Ni haki yao kuianza miaka hiyo wakiwa na masikio mazima, na wageni wao wanaweza kuwapa zawadi hiyo kwa kunyamaza tu kwaya inapoanza kuimba.